Kibao Kitupu cha Mzee Ngwali

Watu huniuliza kwanza nilifikaje Mirabani. Hilo siwajibu. Nilitembea, nilichoka, miguu ikavimba, nikafika. Kila msafiri huvimba miguu, hakuna jipya hapo. Anayetaka kujua njia akaulize wenye ramani. Mimi ni Kibibi binti Makame, fundi cherehani, miaka thelathini na miwili nimekaa nyuma ya cherehani moja, na nitaeleza niliyoyaona kwa macho yangu bila kutia chumvi. Wamirabani wenyewe wana chumvi ya kutosha.

Nchi ile imechorwa kwa mistari kama daftari la hesabu. Mitaa inateremka kutoka kaskazini kwenda kusini, na kila mtaa una herufi yake. Mistari ya nyumba inaikatiza mitaa kutoka magharibi hadi mashariki, na kila mstari una namba. Ukimuuliza Mmirabani anakaa wapi, hakwambii nyuma ya msikiti wala karibu na soko. Anakwambia "F tisa", basi, mazungumzo yamekwisha. Kila nyumba ni mraba, na juu ya kila mlango kuna kibao.

Sheria kuu imepakwa rangi nyeusi langoni: Kinachoonekana kibaoni ndicho kilichopo. Kibao kinabeba kila kitu cha mtu, jina lake, kazi yake, ruhusa alizopewa na alizonyimwa, vyote kwa mstari mmoja ulionyooka. Upana wa kibao ni upana wa mtaa, nao ulipimwa siku nchi ilipoanzishwa na mtu ambaye, kwa maoni yangu, alikuwa na haraka ya kwenda kula.

Mimi nilipangiwa D tisa. Karani wa lango alipanda ngazi akaandika: Kibibi binti Makame, fundi cherehani, mgeni wa wiki mbili, hana maradhi wala shari. Maneno yalipofika ukingoni mwa kibao changu hayakusimama. Yalivuka yakaingia kwenye kibao cha E tisa, yakaendelea na safari yao.

"Ala! Bwana karani, umeniandika mpaka kwa jirani!"

"E tisa haina mtu, bibi," akasema akishuka. "Kibao kikiwa kitupu, maneno ya jirani hupita. Usiwe na wasiwasi."

Sikuwa na wasiwasi mpaka siku ya tatu, alipohamia E tisa fundi wa saa. Alipoandikwa jina lake tu, maneno yangu yakakatwa pale pale ukutani. Nikabaki: Kibibi binti Makame, fundi cher. Tangu asubuhi ile nikawa fundi cher. Mama mmoja alikuja kuniuliza kama cher inafaa kwa mtoto mwenye kikohozi. Nikamweleza kwamba mimi nashona nguo. Akakitazama kibao, akanitazama mimi, akasema kwa huruma, "Mbona haikuandikwa?" Kisha akaenda zake.

Namba wanaziheshimu zaidi. Mtaa wa C alikaa Bwana Khatibu, na tarehe yake ya kuzaliwa ilikuwa ndefu kuliko kibao. Wenyeji walinieleza kwa fahari kwamba kwao namba haikatwi kamwe, kwa sababu namba iliyokatwa inadanganya: mtu wa miaka themanini na tatu atasomeka wa miaka minane. Namba isipoenea, basi kibao kizima hufunikwa kwa wavu, vijiti vimekatizana kutoka ukingo hadi ukingo, ili kila mtu ajue kuna kitu nyuma yake kisichoonekana. Bwana Khatibu mwenyewe alikwisha sahau umri wake. Watoto walimwogopa, na makarani walikimbilia kumwamkia, maana wavu ule huenda ukawa ni cheo. Nikauliza kama haiwezekani kukiongeza kibao chake vidole viwili. Walicheka mpaka wakashikana mabega.

Lakini lililonigusa moyoni huko Mirabani si cher wala wavu. Ni Mize wa F tisa.

Mize alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mfumaji wa mikeka, mpole, mwenye kucheka kidogo halafu akanyamaza. Ndiye aliyepewa kazi ya kunilisha, maana mgeni Mirabani hapiki. Siku ya kwanza niliyoingia kwake niliona chumba cha pili kina kitanda kilichotandikwa vizuri, shuka nyeupe, mto umepigwapigwa ukavimba. Nikadhani ana mgeni mwingine.

"Cha mama," akasema. "Nabadilisha shuka kila Alhamisi."

"Yuko wapi mama?"

Alinitoa nje akanionyesha kibao chake. Kilisomeka: Mize. Ombi la kukaa na mama yake lilikataliwa.

Mama yake, Bi. Mwatima, alikaa B kumi na sita, peke yake, na macho yalikwisha mtupa. Mize alipoomba mara ya kwanza mama ahamie kwake, alikataliwa kwa kukosa kitanda cha pili. Akafuma mikeka miezi minane, akapata kitanda, akaomba tena. Karani akaja, akapanda ngazi, akaandika, akashuka. Makarani wa huko hawaruhusiwi kumwambia mtu walichoandika, ni kukidharau kibao. Mize akainua uso akasoma: lilikataliwa. Hiyo ilikuwa miaka mitatu iliyopita.

"Na sasa wanamficha, Bi. Kibibi," akasema. "Ijumaa hii, adhuhuri."

Sikumwelewa, na yeye akanieleza taratibu kama anavyoelezwa mgeni. Wakubwa wa Mirabani wanapenda nchi yao ionekane fupi na nadhifu. Kila baada ya muda huchagua mistari wanayokaa wazee wasio na mtu, huja na kamba, huivuta, na mstari wa juu na wa chini hukutana. Nyumba zilizokuwa katikati hazionekani tena. Jirani yao wa jana hupita pale asione mlango. Nilikuwa nimeshaona kitu hicho bila kujua maana yake: ukishuka mtaani unahesabu kumi, kumi na moja, halafu kumi na nne.

"Na waliokuwamo kumi na mbili na kumi na tatu wako wapi?"

"Wamo. Kwenye jumla ya nchi bado wanahesabiwa."

Astaghfirullah. Nilikaa chini kwenye mkeka wake.

Jumatano ndiyo siku pekee ya kutembeleana mtaa kwa mtaa, baina ya adhuhuri na alasiri. Tulikwenda B kumi na sita tukiwa na wali na samaki wa nazi. Bi. Mwatima alikuwa mwembamba, kanga safi, sauti yenye nguvu kuliko mwili. Nikamwamkia, akanipapasa mkono akasema, "Vidole vya sindano hivi." Kisha akala kidogo na kumsifu mwanawe kwa mapishi. Mize alikuwa akimtazama na machozi yanamtoka bila sauti. Pembeni ya mlango palikuwa na furushi, limefungwa kwa kanga ya zamani, fundo gumu kabisa.

"Unasafiri, Bi. Mwatima?" nikauliza.

"Lipo tayari tu," akasema, na uso akaugeuzia ukuta. "Tangu zamani lipo tayari."

Njiani Mize akaniambia mama yake amefunga furushi kwa ajili ya kufichwa. Nikamuuliza kama wamewahi kuzungumza juu ya lile ombi. "Hatulitaji," akasema. "Nikilitaja nitamliza. Yeye naye hajawahi kuniuliza hata siku moja." Nikaona ajabu kidogo, kwa sababu kanga iliyofunga furushi lile ilikuwa imekwisha rangi mikunjoni, nayo habari ya kufichwa ilikuwa ya mwezi huo tu. Lakini mawazo yangu yalikuwa kwenye Ijumaa, nikaliacha.

Tuliporudi F tisa nilisimama chini ya kibao nikakitazama kama ninavyotazama nguo ya mteja anayesema nimemharibia. Nikaomba ngazi, nikapanda. Herufi ya mwisho, ile a, ilikuwa nusu. Tumbo lake lipo, mkia haupo.

"Mize, mwanangu, haya maneno hayajamaliza. Nguo iliyomalizwa ina pindo. Hii haina pindo, hii imekatwa."

Akatikisa kichwa. "Haiwezekani. Yangekuwa yanaendelea, yangevuka kwa jirani, kama yako yalivyovuka. Tazama G tisa. Kitupu."

Kweli, kibao cha jirani yake kilikuwa cheupe pe. Na kwa miaka mitatu kila mtu wa mtaa alisoma hivyo hivyo: huku kuna neno, kule hakuna kitu, basi neno limeisha. Nami ningesadiki, isingekuwa ule mkia wa a. Ulinikera kama uzi unaoning'inia.

Asubuhi ya Alhamisi nikabisha hodi G tisa. Alitoka Mzee Ngwali, mtu mmoja mrefu, mpole, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Alionekana kushangaa kwamba mtu amebisha.

"Shikamoo mzee. Nimekuja kuuliza habari ya kibao chako. Hakina kitu?"

"Kina kitu, bibie," akasema, akajiweka sawa. "Kina nafasi."

Akanikaribisha nikae, akanisimulia. Alihamia pale miaka mitatu iliyopita baada ya kufiwa na mkewe. Karani alipomuuliza aandike nini, akasema hana la kusema. Lakini Mirabani kibao kitupu kabisa ni cha nyumba isiyo na mtu, na karani alikuwa mtu wa adabu. Akachovya kalamu, akaigusisha kwenye kibao mara moja bila kuandika herufi, akainua. Nafasi moja. Haionekani, lakini imeandikwa. Huko wanaiona ni heshima kubwa kwa mtu asiye na neno, na niliambiwa mitaa yote imejaa vibao vya namna ile.

"Mzee Ngwali, hiyo nafasi yako ndiyo iliyomziba Mize. Maneno yake yamefika kwako yakakuta pana kitu, yakakatika."

Uso wake ukabadilika. Nikamwomba aifute.

"Hapana," akasema, na kwa mara ya kwanza alikuwa mkali. "Nikiifuta mimi sipo. Kesho watampa mtu mwingine nyumba hii niko ndani nakunywa chai. Kila mtu ana jina na kazi juu ya mlango, mimi nina nafasi moja tu, na hiyo nayo unaitaka?"

Niliondoka pale nimemkasirikia, na nimejikasirikia kwa kumkasirikia.

Lakini maneno lazima yako mahali, nikamwambia Mize. Hata kitambaa ninachokikata hakipotei, kipo chini ya meza. Ndipo akakumbuka Dirisha la Juu. Liko kileleni mwa nchi, jembamba na refu, na mbele yake pana meza iliyochorwa miraba yote. Ukiweka kidole kwenye mraba, maandishi yote ya nyumba ile hutokea dirishani, mwanzo mpaka mwisho. Nikamuuliza kwa nini hakwenda miaka yote hiyo. Akaniambia haendi mtu. Ni kama kumwambia jirani hadharani kwamba kibao chako kinasema uongo.

Mlinzi wa dirisha, Bwana Faki, tulimkuta anamenya njugu.

"Karibuni, karibuni! Miaka saba sijapata mtu. Wekeni kidole."

Nikaushika mkono wa Mize. Tukaweka kidole F tisa. Bwana Faki akafuta vumbi kwenye kioo kwa kiwiko, akasoma kwa sauti: "Mize. Ombi la kukaa na mama yake lilikataliwa mwanzo kwa kukosa kitanda. Kitanda kimepatikana, sasa limekubaliwa. Mama ahamie leo."

Mize alikaa chini, pale pale vumbini. Nilidhani atalia. Alicheka, kicheko kirefu cha ajabu, kisha akalia, kisha akasema, "Leo. Wameandika leo." Mimi niliona hasira na furaha zinanipanda pamoja, sikujua nianze na ipi. Bwana Faki alitupa njugu.

Tukakimbilia kwa Msimamizi wa Upana, Bwana Shaibu, mtu mnene mwenye kibao kizuri kuliko wote, kwa sababu jina lake ni fupi. Alitusikiliza kwa adabu.

"Yaliyo dirishani ni ya dirishani," akasema, "na yaliyo kibaoni ni ya kibaoni. Sheria inatambua kibao."

"Lakini maneno ni yale yale, Bwana Msimamizi!"

"Sikatai. Yaonekane tu. Yakionekana nitakuwa wa kwanza kuyatii. Baraza la Upana linakaa kesho asubuhi, njooni."

Baraza la Ijumaa lilikaa chini ya kibanda cha makuti, pale pale mbele ya mstari wa tisa, ili wajumbe wakione kibao chenyewe. Nitalieleza kama lilivyokuwa. Palikuwa na makundi matatu. Wapanuzi walitaka mtaa wote wa F uongezwe upana. Bwana Shaibu akapinga: kila nyumba ya F ingebidi ivunje ukuta, na mitaa iliyo mashariki ingesukumwa mbele, wa kwake ukiwemo, mpaka ukatoka nje ya macho ya wageni. Wapunguzaji walitaka herufi zipunguzwe mpaka zienee. Walileta mfano, kibao chenye hotuba nzima. Nzi akatua juu yake, na hatukujua tena kipi ni nzi na kipi ni hotuba. "Yameenea," akasema kiongozi wao. "Yaliyobaki ni matatizo ya macho ya watu."

Waunganishaji walisema uvunjwe ukuta kati ya F tisa na G tisa, miraba miwili iwe mmoja. Kwa sheria yao, miraba ikiunganishwa, hubaki maandishi ya upande wa magharibi tu.

Mzee Ngwali, aliyekuwa amekaa nyuma kabisa, akainua mkono. "Na mimi?"

"Wewe utafutika, mzee," wakamjibu, "lakini kwa utaratibu."

Jua lilikuwa linapanda. Kule chini, kwenye mstari wa kumi na tano, niliwaona watu wa kamba wanaanza kukunjua kamba zao. Nikasimama bila kupewa ruhusa.

"Jamani, mimi ni fundi, si mwanasheria. Kanga ikizidi urefu, mnaikata? Mnaipunguza mpaka iwe leso ya mdoli? Mnaishona na kanga ya jirani? Si mnaikunja tu!" Nikavua mtandio wangu nikaukunja mbele yao mara tatu. "Andikeni mistari mitatu, mmoja chini ya mwingine. Upana ni ule ule. Sheria yenu imetaja upana, haikutaja kimo."

Mjumbe mmoja akasema kibao kikirefuka kwenda chini, mlango utashuka, na paa itabidi ipande, na kwa kuwa mstari ni mmoja, mstari wote wa tisa utapanda. Je, watu wa mstari wa tisa waliomba dari la juu? Likaanza bishano la kama mtu anaweza kupewa dari la juu bila kuliomba.

Hapo nikakasirika kweli kweli. "Nyinyi ndio mlioniambia namba iliyokatwa inadanganya! Mnaifunika kwa wavu ili msije mkadanganyika. Bwana Khatibu mmemwekea wavu kwa sababu ya tarehe. Huyu Mize mmemkata katikati ya neno, na kilichobaki mkakisoma miaka mitatu mkakiita ukweli. Mtu ana thamani ndogo kuliko tarehe?"

Bwana Shaibu alitazama chini. Kisha akasema jambo ni zito, itaundwa kamati, na kamati itatoa taarifa baada ya wiki sita.

"Wiki sita!" Mize akasema. Alisema kwa sauti ndogo tu. Kule chini kamba zilikuwa zimeshafungwa mstari wa kumi na tano na zinavutwa kuelekea wa kumi na sita.

Sikumwona Mzee Ngwali alipoondoka. Nilimwona aliporudi, ana ngazi begani na kitambaa kibichi mkononi. Aliiegemeza ngazi kwenye mlango wake, akapanda polepole, akaanza kukifuta kibao chake kilichokuwa cheupe. Wajumbe wakaanza kucheka. Mzee mzima anafuta kitu kisichokuwepo! Mmoja akamwita, "Mzee, hapo pameshatakata!" Yeye akaendelea, midomo imekazwa, akafuta pembe zote nne.

Kicheko kikakatika ghafla. Kwenye kibao cha Mize ile a ikapata mkia. Halafu, wallahi nimeona, maneno yakaanza kutoka ukutani moja baada ya jingine na kutembea kwenye kibao cha Mzee Ngwali: mwanzo kwa kukosa kitanda, kitanda kimepatikana, sasa limekubaliwa, mama ahamie leo. Yalienea yote. Baraza zima lilisoma kwa sauti moja kama darasa la watoto.

"Yameonekana," akasema Bwana Shaibu. Na lazima nimtendee haki: mtu yule mnene alikuwa wa kwanza kukimbia. Alishuka mtaa wa B akipiga kelele, "Simamisheni kamba! Simamisheni!" huku kofia imemdondoka.

Tulifika kamba ziko hatua kumi kutoka mlango wa Bi. Mwatima. Alikuwa amekaa kizingitini, furushi mapajani. Mize akapiga magoti.

"Mama, limekubaliwa. Njoo nyumbani. Lilikubaliwa tangu zamani, mimi sikuliona."

Bi. Mwatima aliweka mikono juu ya lile fundo.

"Mimi nilijua limekubaliwa," akasema. "Karani alikuja kunisomea kwa mdomo, kwa vile sioni. Alinisomea lote. Akasema mwanao atakuja kukuchukua leo. Nikafunga furushi, nikakaa hapa." Akavuta pumzi. "Nilidhani hunitaki, mwanangu. Nikasema, basi, mtoto halazimishwi."

Katika nchi nzima, asiyeona ndiye pekee aliyesomewa sentensi yote. Mize alimkumbatia mama yake pamoja na furushi lake, wakalia kwa sauti, na Bwana Shaibu akalia, na watu wa kamba wakasimama wameshika kamba hawajui wazipeleke wapi. Mimi nilifungua lile fundo. Lilichukua muda, lilikuwa la miaka mitatu.

Bi. Mwatima alilala mchana ule kwenye shuka za Alhamisi. Bwana Shaibu alitoa amri kwamba hauvutwi mstari wowote kabla nyumba zake zote hazijasomwa dirishani, na Bwana Faki akapata kazi mpaka njugu zikamwishia. Wazee kumi na mmoja walikutwa wana ruhusa zilizokatwa. Mistari ya kumi na mbili na kumi na tatu ikafunguliwa, wakatoka watu wanapepesa macho na kuuliza bei ya sukari. Kamati ya wiki sita ilikaa vilevile, kwani ilikuwa imeshaundwa.

Kabla sijaondoka walikunja kibao cha Mize mistari mitatu, mimi nikisimamia. Mstari wote wa tisa ulipanda, madari yakawa juu, upepo ukaingia, na sikusikia hata mtu mmoja akilalamika. Kibao changu nacho kilikunjwa, nikasomeka fundi cherehani, siku mbili kabla ya kuondoka, na yule mama wa kikohozi akaja kuomba radhi na gauni la kupunguza.

Kukunja kule kulikirudisha kibao cha Mzee Ngwali mikononi mwake. Karani akaja na ngazi na kalamu, mwenye adabu zake, akamuuliza amwandikie nini. Sote wa mstari wa tisa tulitoka nje kusikiliza. Nilitamani waandike alichokifanya, kwa herufi kubwa.

Mzee Ngwali alifikiri.

"Sina la kusema," akasema. "Acha kitupu. Safari hii kitupu kweli."

Karani akababaika, kalamu iko hewani. "Lakini mzee, watu watajuaje kama humu ndani mna mtu?"

"Wabishe hodi," akasema Mzee Ngwali, akaingia ndani kuchemsha chai, maana Bi. Mwatima alikuwa ameshafika mlangoni.